Vitu vya chapati vilipochoma handaki: mahandaki ya magari niliyopita na nyota ninazoyapa

Mdogo wangu kapata kazi ya kuendesha semi huku Ulaya, anaanza karibuni, na swali lake la kwanza halikuwa mshahara wala baridi. Kaniuliza, "Kaka, hayo mahandaki ya kilomita kumi na kitu yakoje, unaingiaje humo na mzigo?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, nikaona zimefika saba na bado sijatoka Uswisi, nikasema aah bora niandike na wengine wasome, maana najua sio yeye peke yake anayejiuliza.

Mimi sio injinia, niseme mapema. Nimeendesha Dar–Tunduma–Lusaka miaka mingi, Kitonga nimepanda na kushuka mpaka kona zake nazijua kama ngazi za nyumbani, na huku nina miaka 6 sasa. Kwetu handaki tumezoea ni la treni. TAZARA ina 22, SGR ina yale manne ya Kilosa, Wakenya wana lile la Ngong la kilomita 4 na nusu, lakini wewe mwenyewe kuingia chini ya mlima na lori lako, taa umewasha, robo saa nzima huoni jua, hicho ni kitu kingine kabisa. Siku ya kwanza mikono ilitoa jasho mpaka usukani ukawa unateleza, na nje ilikuwa baridi ya kuvaa koti mbili.

Sasa watu wengi wakisifia handaki wanasifia urefu, wanasifia taa nzuri, wanasifia simu inashika humo ndani. Mi naangalia mlango. Yani gari ikiwaka moto mbele yangu, nikashuka kwa miguu, mlango wa dharura uko karibu kiasi gani, na huo mlango unanipeleka wapi, unanitoa nje au unanifungia kwenye kijichumba nikae kusubiri kudra za Mungu. Kipimo changu ni cha kienyeji. Nikiingia nahesabu sekunde kutoka alama moja ya kijani, ile ya mtu anayekimbia, mpaka nyingine. Spidi 80 ni kama mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu 11 ukaona alama nyingine ujue ni mita 250. Ukifika 22 au 23 ni mita 500, na hapo ndo mwisho kwa mahandaki mapya ya barabara kuu kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004. Mita 500 kwenye gari ni kufumba na kufumbua. Sasa shuka utembee, umeshika ukuta, macho yanachoma, hujui unaelekea mlangoni au unaelekea kwenye moto wenyewe.

Naanza na Mont Blanc, kwa sababu bila lile balaa la pale haya mengine yasingekuwa yalivyo. Handaki la kilomita 11.6 kati ya Ufaransa na Italia, lilifunguliwa 1965, tundu moja tu, wa kwenda na wa kurudi mnapishana uso kwa uso. Tarehe 24/3/1999 likaingia lori likitokea Ufaransa, mzigo wake unga wa ngano na majarini. Soma tena hapo. Sio petroli, sio gesi, sio baruti. Unga na majarini, vitu vya chapati! Likaanza kufuka moshi, dereva akasimama katikati ya mlima, likalipuka moto. Ule moto uliwaka saa 53, zaidi ya siku mbili, na watu 39 wakafa. Kumbe majarini ikishayeyuka ni mafuta tu kama mafuta mengine, na handaki kwa umbo lake ni tanuri, joto halina pa kwenda linajirudia kwenye ukuta na kuwasha gari linalofuata na linalofuata.

Kilichoua watu zaidi ni moshi na ni mipango mibovu. Wakati ule handaki lilikuwa na kampuni mbili, ya Kifaransa upande wake na ya Kiitaliano upande wake, kila mmoja na chumba chake cha kuongozea mitambo. Upande wa Italia wakawa wanasukuma hewa safi ndani, nadhani kwa nia njema kabisa, matokeo yake moshi ukasukumwa kuelekea upande wa Ufaransa ambako magari yalikuwa yamejipanga foleni nyuma ya lile lori. Wengi walikutwa ndani ya magari yao. Hawakushuka. Na mi nawaelewa bana, gari ni lako, mzigo ni wa watu, unasema ngoja kidogo watazima, ukija kushtuka hata boneti ya gari lako huioni.

Vyumba vya kujihifadhi vilikuwepo! Hapo ndo panaponiumaga. Vilikuwa na mlango wa kuzuia moto na hewa yake, vimejengwa kuvumilia kama saa 2, alafu nyuma yake ni mwamba. Hakuna pa kutokea. Mlinzi mmoja wa Kiitaliano, Pierlucio Tinazzi, aliyekuwa anazunguka humo na pikipiki, aliingia kwenye moshi kutafuta watu, akaja kukutwa amefia kwenye chumba namba 20 pamoja na dereva mmoja wa lori. Mlango walikuwa nao, ila ulikuwa hauendi popote.

Basi walilifunga, na kulifungua tena ilichukua mpaka 2002, na hili la sasa ndo ninalolipa nyota. Uongozi umekuwa mmoja badala ya mbili. Vyumba vya kujihifadhi sasa viko 37, moja kila mita 300 (spidi 70 hesabu 15 hivi utaona alama), na kila kimoja kimeunganishwa na njia iliyo chini ya barabara, kwenye mifereji ya hewa, kwa hiyo ukiingia unachukuliwa unatolewa nje, hubaki humo. Zimamoto wanakaa hukohuko ndani katikati usiku na mchana, sio wa kupigiwa simu watoke mjini. Malori tunapimwa joto kabla ya kuingia. Na kuna sheria moja naipenda sana: mwendo ni 50 mpaka 70, na unaacha mita 150 na gari la mbele. Ukutani wameweka taa za bluu kukupimia huo umbali, yani huna kisingizio. Hata mkisimama foleni ndani unaacha mita 100, hamsogeleani kama daladala Mbagala.

Mara ya mwisho kupita jamaa wa nyuma yangu na kigari chake alikuwa ananimulikia taa nisogee, nimwachie nafasi gani wakati mbele nimeacha mita 150 kwa sheria? Nikamwacha amulike. Tulipotoka upande wa Italia akanipita na honi ndefu na maneno ambayo sikuyaelewa na nashukuru sikuyaelewa.

Ubaya wa Mont Blanc ni bei. Gari ndogo tu ni zaidi ya yuro 50 kwenda peke yake, lori usiulize, na bado ni tundu lilelile moja. Pia miaka ya karibuni wamekuwa wanalifunga kwa miezi kadhaa msimu wa vuli kwa matengenezo, kwa hiyo usije ukapanga safari bila kuangalia. Karatasi ya maelekezo unapewa getini kwa lugha kibao, Kiswahili hamna ila picha zinajieleza. Nyota 4. Ningetoa 5 kama wangekuwa na tundu mbili.

Hii habari ya tundu ngoja niielezee, maana ukiielewa hii unaweza kukagua handaki lolote duniani bila kuuliza mtu. Handaki la tundu mbili kila upande una lake, magari yote yanaenda uelekeo mmoja. Moto ukitokea, walio mbele ya moto wanaendelea na safari wanatoka zao, walio nyuma wanasimama, na mafeni makubwa ya juu yanasukuma moshi kwenda mbele ambako hakuna mtu. Alafu mlango wa dharura unakupeleka tundu la pili ambako hewa ni safi. Handaki la tundu moja kuna watu pande zote mbili za moto. Sasa feni lisukume moshi wapi? Upande wowote utakaochagua kuna mtu anakohoa. Ndo maana ya tundu moja yanahitaji ujanja mwingi zaidi, mifereji ya kunyonya moshi kwa juu, njia ya pembeni ya kukimbilia, na watu makini kwenye mitambo.

Mfano mzuri ni Tauern kule Austria, kilomita 6.4. Miezi miwili tu baada ya Mont Blanc, Mei 1999, gari liligonga foleni iliyosimama ndani, humo mna lori lenye rangi za makopo, watu 12 wakafa. Tundu moja wakati huo. Wakachimba la pili, likafunguliwa 2010, na leo ukipita pale ni raha tupu, njia mbili uelekeo mmoja, hakuna taa za mtu zinakuja usoni. Nyota 5, sina la kuongeza.

Gotthard sasa. Hili ndo handaki langu, nimepita mara nyingi kuliko yote, na ndo linalonichosha kuliko yote. Uswisi, kutoka Göschenen mpaka Airolo, kilomita 16.9, lilifunguliwa 1980, nalo ni tundu moja njia moja kwenda moja kurudi. Kwa siku yanapita magari kama 17,000. Pasaka usijaribu, foleni inazidi kilomita 10 watu wanashuka wanapiga picha na ng'ombe.

Kwanza malori hatuingii kwa fujo. Tunashikwa kwenye taa alafu tunaachiwa mmojammoja kama dripu ya hospitali, tone, tone, tone, kila mtu na mita zake 150. Hii ilikuja baada ya Oktoba 2001, malori mawili yaligongana karibu na mdomo wa upande wa Airolo, moja lilikuwa limebeba matairi, na tairi likiwaka wote tunajua moshi wake ulivyo. Watu 11 wakafa, wengi ni moshi. Lakini sikiliza tofauti na Mont Blanc: Gotthard toka linachimbwa lilikuwa na njia ya pili nyembamba ya kutembea kwa miguu, inaenda sambamba na handaki lote, na kila mita 250 kuna mlango wa kuingilia huko. Hewa ya huko inasukumwa kwa presha ili ukifungua mlango moshi usikufuate. Waliowahi kushuka wakaingia mlangoni walitoka kwa miguu yao. Fikiria ingekuwa vile vijichumba.

Kabla ya kuingia kuna geti lenye kamera za kupima joto. Unapita taratibu, linakuangalia lori zima, injini, turbo, matairi, breki, ekseli kwa ekseli. Mwaka juzi lilinikamata. Nilikuwa nimepanda ule mlima kutoka chini na trela nililopewa asubuhi, sikuhisi kitu chochote, gari inavuta vizuri, mara taa nyekundu mbele yangu. Akaja kijana amevaa koti la njano, akanionyesha nisogee pembeni, akashika kidude kama tochi ya trafiki akakielekeza kwenye tairi la nyuma kushoto la trela. Akanigeuzia nikaona namba. Habu, pale katikati ya gurudumu, ilikuwa ya moto kupita zote, breki ilikuwa imeng'ang'ania kidogo. Kidogo tu! Nikapeleka kiganja karibu na rimu sikuweza kukishikilia pale, na ile harufu ndo ikanijia, harufu ya Kitonga kabisa, ile ya malori yanashuka na utingo anakimbia pembeni na jiwe mkononi tayari kutegesha.

Nilikaa pale saa 2 na nusu. Ofisini kwetu walinipigia simu mara nne, kwa nini umesimama, mteja anasubiri, huwezi kuwaambia wakuachie? Nikawaambia njooni mshike hii habu kwa mkono wenu kisha mniambie niingie nayo chini ya mlima. Fundi akaja akaachia breki, ikapoa, wakanipitisha tena kwenye geti, taa ikawaka kijani. Hakuna aliyenipigia kelele, hakuna aliyetaka "ya maji". Hiyo huduma naipa nyota 5 peke yake hata kama ilinilaza Airolo badala ya Milano.

Ndani ya Gotthard penyewe ni pachovu. Joto linapanda kadri unavyoenda katikati, dari iko chini, ukuta umekubana, na zile taa za wanaokuja zinakuja zinakuja mpaka unaanza kuona usingizi huku macho yako wazi. Dawa yangu ni ileile ya kuhesabu: moja, mbili, tatu... kumi na moja, mlango. Moja, mbili... kumi na moja, mlango. Haijawahi kunidanganya. Nyota 4. Waswisi walipiga kura Februari 2016 wakakubali tundu la pili kwa asilimia 57, wanachimba sasa hivi. Na cha ajabu, hawataongeza njia hata moja! Katiba yao inakataza kuongeza uwezo wa barabara za kuvuka Alps, kwa hiyo kila tundu litakuwa na njia moja ya kupita na moja ya dharura. Kwetu tungeweka njia nne siku hiyohiyo na wamachinga katikati.

Kabla sijatoka Uswisi, kuna kitu hakihusiani na moto na watu hawakiangalii. Machi 2012 karibu na Sierre basi la watoto wa shule kutoka Ubelgiji lilitoka njiani ndani ya handaki likaingia kwenye ile sehemu ya kuegesha dharura, likaenda kugonga ukuta wa mwisho wake. Ukuta ule ulikuwa umekatwa mraba, unalitazama basi uso kwa uso. Watu 28 walikufa, 22 watoto. Tangu niisikie hiyo habari siwezi kupita sehemu ya kuegesha bila kuangalia kona yake ya mwisho: imewekwa kingo ya mshazari ya kukutelezesha urudi barabarani, au bado ni ukuta mkavu? Bado nayaona ya ukuta mkavu, nchi zenye pesa hizihizi.

Norway sasa, na hapa najua nitakosana na watu maana kila mtu anaipenda Lærdal. Ni refu kuliko mahandaki yote ya magari duniani, kilomita 24.5, lilifunguliwa mwaka 2000, liko kwenye barabara ya Oslo–Bergen, na ni bure, hulipi hata senti. Dakika 20 uko chini ya mwamba. Ili watu wasisinzie wamechonga mapango matatu makubwa, kila kilomita 6 hivi unafika ukumbi wenye taa za bluu juu na njano chini kama alfajiri inapambazuka. Nilisimama kwenye moja nikazima injini. Kimya kile sijawahi kukisikia barabarani. Alafu ukaanza mvumo mbali kabisa, ukakua, ukakua, nikasema hii treni au nini, nimekaa kama dakika nzima ndo kikatokea kigari kimoja kidogo cha mama mmoja, kikapita, mvumo ukarudi kule ulikotoka. Nikatamani kuwapigia wa nyumbani wasikie.

Uzuri ni kwamba usingizi wa mang'amung'amu umedhibitiwa kweli, katikati ya barabara kuna mistari ya kutikisa tairi, simu za dharura kila mita 250, mitungi ya kuzimia moto kila mita 125 na ukinyanyua mmoja tu wanajua huko mitamboni, na hata lori lina sehemu za kugeuzia likarudi lilikotoka. Lakini nilipoanza kuhesabu nilihesabu mpaka nikachoka. Mlango haupo. Tundu moja, hakuna njia ya pembeni, wa kutoka anatoka alikoingia au anakoenda. Wanorwe wana msimamo kwamba kwenye mahandaki yao yenye magari machache mtu anajiokoa mwenyewe, geuza gari utoke, au chukua mtungi uzime. Magari ni machache kweli, tofauti na Gotthard, hilo nawapa haki yao, na kuchimba la pili kwa urefu ule kwa magari kiduchu namna ile ni pesa ya kutupa.

Ila jirani yake hapohapo kuna Gudvanga, kilomita 11.4, barabara ileile. Agosti 2013 lori liliwaka moto humo. Mafeni yalikuwa yamepangwa toka zamani yasukume moshi upande mmoja ili zimamoto waingie na upande wa pili, na upande uliosukumiwa moshi ndo ulikuwa na watu wengi. Watu 67 walinaswa kwenye moshi, kilomita kadhaa za giza, wengine wanatembea wameshika ukuta. Hakufa hata mmoja, na mi sioni kama ni mpango uliofanya kazi, ni Mungu tu. Lærdal nyota 3, na moja ya hizo ni ya lile pango.

Afrika nimepita moja la maana, Huguenot, Afrika Kusini, barabara ya N1 kati ya Paarl na Worcester, na nilikuwa abiria sio dereva. Kilomita 3.9, lilifunguliwa 1988, linakupunguzia kilomita 11 za kona za mlima wa Du Toitskloof. Unalipia, pasafi, pana mwanga wa kutosha, kamera kila mahali. Lakini ndo yaleyale, tundu moja mnapishana. Tundu la upande wa kaskazini lilianza kuchimbwa toka enzi hizo ila nilipopita lilikuwa halitumiki. Nyota 3 na nusu, wakimaliza lile la pili naongeza.

Falme za Kiarabu dada yetu yuko Sharjah, alitupeleka Khor Fakkan kwa barabara mpya ya milimani iliyofunguliwa 2019, ina mahandaki matano, refu kuliko yote ni Al Sidra, kama kilomita 2.7. Safi, pana, jipya, linang'aa kama hoteli. Sikuhesabu chochote maana watoto wake walikuwa wanapiga kelele kila tukiingia ili wasikie mwangwi, na mimi nikapiga nao. Sitoi nyota hapo, nitakuwa muongo.

Japani sijafika, ila kuna habari yao moja inafaa kwa wanaoamini kwamba kitu kikijengwa na Wajapani basi umemaliza. Desemba 2012 kwenye handaki la Sasago dari la zege lilianguka juu ya magari, watu 9 wakafa. Handaki la 1977. Zile bolti za kushikilia dari juu zilikuwa zimechoka, na miaka yote hiyo watu wanapita chini yake wanasikiliza redio. Kwa hiyo ukiniuliza handaki jipya na la zamani, mi naangalia nani analitunza kabla ya kuangalia lina umri gani.

Sasa dogo, haya yako wewe. Kabla hujaingia lolote, washa taa, vua miwani ya jua, fungua redio kwenye masafa yaliyoandikwa mlangoni maana wakiwa na tangazo litaingia humohumo. Simu na pasipoti viwe mfukoni mwako mwilini, sio kwenye begi nyuma ya siti. Taa nyekundu ikiwaka mlangoni, simama nje, usiseme nitapenya. Ukiwa ndani ukaona moshi, washa hazadi, sogea ukingoni, zima injini, funguo iache hapohapo ilipo ili zimamoto wakitaka kusogeza gari walisogeze, shuka. Kabati la lori liko juu na moshi mwanzoni unakaa juu darini, utaona kama uko mbali, baadaye kidogo ukishapoa unashuka wote kwa pamoja kama pazia. Usigeuze gari mahali pasiporuhusiwa. Usirudi kuchukua mzigo wa mtu. Usisubiri uambiwe mara ya pili. Tembea kwenye mlango ule uliouhesabu, na umeupita tangu sekunde ngapi, wewe mwenyewe unajua.

Na ukifika huku wiki ya kwanza nitakupitisha Gotthard ukiwa umekaa upande wa abiria, uhesabu mwenyewe kwa sauti. Tundu la pili wanasema 2030. Likifunguka nalipa nyota upya, na hapo tutaona kama lile geti la joto bado litakuwa na yule kijana wa koti la njano.